Harufu ya moshi ndani ya Datsun: kufufua 240Z bila kuanzia mwisho

Mwenye Datsun 240Z akikulalamikia kwamba gari lake linanuka moshi ndani kila akienda safari, usikimbilie boneti. Nenda nyuma. Fungua ule mlango mkubwa wa kioo, bonyeza kwa kidole mpira unaouzunguka, kisha toa taa za nyuma uangalie gasketi zake. Mara nyingi utakuta mpira umekauka kama ganda la muhogo na gasketi zimekuwa unga. Gari likiwa mwendoni, mgongo wake ulioinama huacha nyuma yake hewa yenye msukumo mdogo. Moshi wa ekzosi unanaswa humo, unazunguka, unapenya kwenye nyufa na kumfikia dereva kisogoni. Injini haina kosa lolote. Wapo waliofungua injini nzima wakabadilisha ringi za pistoni kwa sababu ya mpira wa mlango.

Hapo ndipo ugumu wa kufufua gari la zamani la michezo ulipo. Dalili inakaa hapa, ugonjwa unakaa kule, na pesa zinapotelea njiani. Watu wengi huanza na kinachoonekana, yaani rangi, au na kinachotisha, yaani injini. Kinachoamua kama kazi itafika mwisho huwa si hiki wala kile: ni kutu, na ni utaratibu wa nini kinatangulia nini.

Nimechukua 240Z kuwa mfano kwa sababu ni gari lenye kila kitu cha kufundishia, na kwa sababu lina udugu na sisi. Lilizinduliwa Japani mwezi Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z. Lilipopelekwa Marekani mwaka 1970 chini ya Yutaka Katayama, aliyekuwa kiongozi wa Nissan huko, liliitwa Datsun 240Z na kuuzwa kwa dola 3,526, bei iliyowaumiza kichwa waliokuwa wakiuza magari ya michezo ya Uingereza na Ujerumani. Viti viwili, pua ndefu, silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, ujazo wa cc 2,393, nguvu farasi 151 kwa vipimo vya enzi hizo, na uzito uliozidi tani moja kwa kilo chache tu.

Afrika Mashariki ililifahamu kwa vumbi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa 240Z, na nyuma yao akaingia Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta akarudi na Lofty Drews kama msaidizi wake garini. Safari hiyo walimaliza wakiwa na pointi za adhabu sawasawa na Harry Källström aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine, na ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Ukawa wa Mehta. Moja ya rangi za kiwandani za gari hili, namba 920, iliitwa Safari Gold. Kwa hiyo mtu akikuambia hili ni gari la lami za California tu, mwache aendelee kuota.

Kabla hujashika spana, soma namba. Gari la usukani wa kulia lililouzwa nje ya Japani huanza na HS30, la usukani wa kushoto HLS30. Namba ya bodi imegongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, na kuna kibati chini ya boneti chenye namba ya bodi na ya injini. Zikilingana na zile zilizogongwa kwenye bodi na kwenye bloku, piga picha, kibati kihifadhi, na mwambie fundi bodi kwa sauti ya kusikika kwamba kisipotee. Vibati hivi hupotea kuliko unavyodhani: hutolewa wakati wa kupiga rangi, huwekwa kwenye kopo la bolti, na kopo huondoka na mtu wa vyuma chakavu.

Lisikilize kabla hujalivunja

Gari likiwa bado linawaka, hata kwa kubembelezwa, usilivunje kwanza. Liache lingurume uani siku kadhaa, wewe ukiandika. Linawaka vizuri asubuhi na kukataa mchana? Linamisi, yaani silinda moja inakosa kuwaka, likiwa limetulia, au linamisi ukikanyaga? Moshi wake ni wa buluu ukiachia mafuta, au ni mweusi ukiongeza? Majibu haya huyapati tena injini ikishakuwa vipande juu ya meza.

Injini ya petroli inataka vitu vitatu: kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), moto (cheche za plagi) na mafuta. Mafundi wengi huanza na kabureta, pengine kwa sababu ndiyo yenye skrubu za kugeuza na kugeuza kunampa mteja imani. Mimi naanza na kompresheni, naenda kwenye moto, namalizia na mafuta. Valvu iliyoungua haiponi kwa skrubu ya kabureta, na kabureta hairekebishiki kwenye injini ambayo moto wake unayumba.

Kompresheni inapimwa injini ikiwa na joto lake la kazi, plagi zote sita zikiwa nje na pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa hadi chini. Ukisahau hilo la mwisho, hewa haiingii ya kutosha na utasoma namba za kusikitisha kutoka kwenye injini nzima. Kwa injini hii ya L24 namba ya kitabu iko karibu psi (kipimo cha mbano) 170 hadi 185. Usiiabudu. Geji za mitaani hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe. Kinachosema ukweli ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ya chini kabisa isipungue asilimia 80 ya ile ya juu. Injini yenye 150 kila mahali imechoka kidogo lakini ni nzima. Yenye 175 mara tano na 95 mara moja ina mgonjwa mmoja, na sasa unajua kitanda chake.

Mgonjwa huyo mpe kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, kisha pima tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba pengo la ringi, kwa hiyo tatizo liko chini, kwenye ringi au silinda. Isiposogea, tazama juu kwenye valvu. Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, shuku gasketi ya hedi (kichwa cha injini) iliyopasuka katikati yao. Lakini kabla hujalia, fungua kava la juu upime nafasi za valvu. Injini ikiwa ya baridi, ya kuingiza hewa iwe mm 0.20 na ya kutoa moshi mm 0.25. Nafasi ikiliwa hadi kwisha, valvu haifungi sawasawa, kompresheni inavuja na makali ya valvu yanaungua. Ndiyo maana valvu inayogonga tik-tik-tik huwa hainisumbui sana. Ninayoiogopa ni iliyonyamaza.

Moto sasa. Magari haya yalitoka kiwandani na platini, yaani swichi ndogo ya kukata umeme ili cheche itokee, ndani ya distributa inayogawa moto kwa plagi, na nafasi yake ni mm 0.45 hadi 0.55. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, na rota inazunguka kinyume cha saa. Sentensi hiyo fupi imemaliza kesi nyingi za "injini imekufa", kwa maana mtu alitoa waya za plagi ili asafishe, akazirudisha kwa kukisia. Kama mpangilio ni sahihi na bado linamisi, injini ikiwa imetulia chomoa waya mmoja mmoja kwa koleo lenye mpini wa mpira. Ukichomoa na mlio ukashuka, silinda hiyo ilikuwa kazini. Ukichomoa na kisibadilike chochote, umempata mtoro.

Kisha shika mhimili wa distributa uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, bushi zimekwisha, na hata ukiweka platini mpya kila wiki taiming (wakati wa cheche kutokea) itacheza nao. Wengine wanafunga moduli ya kielektroniki mahali pa platini. Sina ugomvi nao, ila isifungwe kwenye distributa inayoyumba ikitegemewa kuitibu.

Mafuta huja mwisho, na hapo pia safari inaanzia nyuma, kwenye tangi. Gari lililolala miaka kumi lina petroli iliyogeuka ulimbo na tangi lenye kutu ndani. Ukisafisha kabureta mbili zikang'aa kisha ukafungulia tangi hilo, unazipelekea uchafu mpya kwa bomba. Shusha tangi, lioshwe, likaguliwe. Ukiwa huko, badilisha mipira yote midogo ya kupitisha mvuke inayotoka juu ya tangi na kuingia ndani ya bodi. Ikipasuka, gari linanuka petroli ndani, na watu wanailaumu kabureta iliyo mita tatu mbele.

Kabureta zenyewe ni Hitachi mbili zilizofuata muundo wa kabureta za SU za Uingereza. Kila moja ina pistoni ndani ya kuba, inayopanda hewa inapoongezeka na kuinua sindano kutoka kwenye jeti. Ni chombo rahisi kikiwa safi. Hatua ya kuanzia ni jeti kupandishwa hadi juu kabisa, kisha kushushwa mizunguko miwili na nusu kwenye kabureta zote mbili; oili nyepesi inatiwa kwenye kuba; ndipo hewa inasawazishwa ili kabureta zote zivute sawa. Oili hiyo ya kwenye kuba husahaulika sana. Bila hiyo pistoni inaruka juu mara ukikanyaga, mchanganyiko unakuwa mwepesi kwa sekunde moja, na gari linajikwaa. Mtu anaanza kutafuta jeti kubwa zaidi kumbe alihitaji kijiko cha oili. Magari ya mwaka 1973 yalikuja na kabureta nyingine zenye vichwa bapa, zilizobuniwa kwa ajili ya sheria za moshi za Marekani, na wamiliki wengi walizing'oa wakarudisha zile za mviringo. Nawaelewa.

Kuna ugonjwa mmoja ambao nchi za joto haziwezi kuukwepa. Kwenye injini hii kabureta na manifoldi ya ekzosi zimekaa upande mmoja, kabureta juu, moto chini yake. Ukizima injini mchana wa jua, joto linapanda, petroli ndani ya kabureta inachemka, na ukirudi baada ya dakika kumi gari halitaki kuwaka. Ukisubiri saa nzima linawaka kama hakuna kilichotokea. Huo si ugonjwa wa betri wala wa koili. Hakikisha bati la kukinga joto lipo mahali pake, zungushia kinga bomba la petroli linalopita karibu na hedi, na usipandishe mchanganyiko kuwa mzito ili kulazimisha.

Yote haya yakiisha na kompresheni ikawa sawa na oili haipungui, niruhusu niseme jambo ambalo fundi anayetaka kazi hatalisema: injini usiifungue. Bloku ya chuma ya L24 ni ngumu ajabu. Badilisha sili, mipira, pampu ya maji, safisha, ifunge.

Ikilazimu kutoa hedi, kuna mtego mmoja uliowatesa wengi. Kamshafti, mhimili unaofungua valvu, inazungushwa na mnyororo, na mnyororo unakazwa na kifaa chenye springi kilichojificha mbele ya injini. Ukitoa gia ya kamshafti bila kwanza kupigilia kabari ya mbao katikati ya mnyororo, kifaa hicho kinaruka nje ya nyumba yake, na kukirudisha ni lazima ufungue uso wote wa mbele wa injini. Kipande cha mbao cha bure kinaokoa siku mbili. Hedi ni ya alumini na haipendi maji ya bomba yasiyo na dawa ya kuzuia kutu; itazame njia zake za maji kama zimeliwa, weka rula ya chuma juu yake, na kama imepinda kuzidi mm 0.1 ipelekwe kukwanguliwa. Hedi ikikwanguliwa inashuka, mnyororo unalegea kidogo, na taiming ya valvu inachelewa. Wahandisi wa Nissan walilijua hilo: gia ya kamshafti ina matundu matatu, na kwa kuhamia tundu la pili au la tatu unarudisha kilichopotea.

Kutu ndiyo hakimu

Sasa weka spana chini uchukue sumaku na bisibisi. 240Z haina chasisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Bati lake ni jembamba, kinga ya kutu ya miaka ile ilikuwa ya kubahatisha, na maji yana njia zao za kale.

Anzia chini ya betri. Asidi iliyomwagika kwa miaka hamsini inakula sinia la betri, inashuka kwenye ukuta wa ndani, inafika kwenye boriti ya chini. Halafu njoo kwenye hori lililo chini ya kioo cha mbele, ambako maji ya mvua yanapaswa kuingia na kutoka kwa matundu ya pembeni. Majani yakiziba matundu hayo maji yanalala humo, bati linatoboka, na sakafu ya mbele inaloa bila wewe kujua, kwa sababu kiwanda kiliibandika mikeka ya lami ya kuzuia kelele na mikeka hiyo hushika maji kama sponji. Fenda za mbele zimefungwa kwa bolti, basi zitoe. Nyuma yake ndipo tope la miongo mitano limejificha. Baada ya hapo ni kingo za chini ya milango, kona ile ya nyuma ya mlango kabla ya gurudumu, matao ya magurudumu ya nyuma, na shimo la tairi la akiba. Mwisho lala chini utazame boriti mbili zinazopita chini ya sakafu. Wanaoinua gari kwa jeki mahali pasipo pake huzikanda bapa, na bisibisi ikiingia humo bila kupingwa, gari hilo halina mgongo.

Sumaku inakuambia penye puti, ule udongo wa kujazia bati lililobonyea. Ikishika hapa na kuteleza pale, chini ya rangi nzuri kuna kilo za puti. Usimlaumu sana aliyelipaka. Alikuwa anauza gari.

Kukata sakafu iliyooza kunahitaji uvumilivu kuliko ufundi. Kabla ya kukata chochote, uwazi wa mlango upigiwe mihimili ya bomba kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, kwa kuwa bodi isiyo na sakafu inajikunja kwa uzito wake. Ukiichomelea ikiwa imejikunja, milango haitafunga tena maishani. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uguse wa pili. Choma kwa nukta nukta ukirukaruka, hapa sentimita moja, kule nyingine, ili bati lisipate joto la kupinda. Na kila baada ya hatua funga mlango uangalie mapengo yake. Mapengo hurekebishwa sasa, chuma kikiwa kitupu. Anayesubiri kuyarekebisha baada ya rangi atayarekebisha kwa machozi.

Kwa wanaodhani kazi hii huwashinda mafundi wadogo tu: mwishoni mwa miaka ya 1990 Nissan wenyewe nchini Marekani walinunua 240Z za zamani, wakazifufua kupitia mafundi waliowateua, na kuziuza kwa karibu dola 25,000 kila moja. Kampuni iliyolibuni gari, yenye michoro yote, ilikomea kwenye magari yasiyofika hamsini.

Breki na miguu nazipitia haraka, maana hazina fumbo: diski mbele, ngoma nyuma, kila kitu cha mpira kibadilishwe, mabomba ya breki yote yawe mapya bila kujadiliana. Fumbo ni moja tu, pini ndefu inayopita kwenye mkono wa chini wa gurudumu la nyuma. Inashikwa na kutu kiasi kwamba nyundo inaivimbisha kichwa na isisogee. Ilowanishe wiki nzima, pasha moto, tumia presi ya haidroliki, na uwe umeagiza mpya kabla ya kuanza.

Rangi haifichi kitu

Jiulize kwanza kama gari linahitaji rangi. Januari 2020 gari la mwaka 1971 liliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni kwa dola 310,000, na thamani yake ilitokana na kutoguswa. Lile lililoshinda Safari mwaka 1971 liko kwenye hazina ya magari ya Nissan huko Zama, Japani, na kulinyoosha bodi lipendeze kungekuwa kulifutia historia. Gari lako huenda si hayo. Lakini rangi ya kiwanda iliyofifia ambayo bado imeshika chuma ni mali, na kuiondoa ni uamuzi usiorudi nyuma.

Ukishaamua, itafute rangi yake ya kweli mahali ambapo jua halikufika: chini ya zulia, nyuma ya dashibodi, ndani ya visanduku vya zana nyuma ya viti kwa magari yaliyo navyo. Rangi ya juu ya boneti imeunguzwa na jua na itamdanganya mchanganyaji.

Kuvua rangi ya zamani kwa mchanga wa kupuliza ni haraka, na ni hatari kwa bati pana. Boneti ya 240Z ni ndefu kama meza ya karamu; ikipigwa mchanga kwa nguvu bati linatanuka, linakuwa na mawimbi, na hakuna puti ya kulirudisha. Paa, boneti na milango nivulie kwa dawa au kwa msasa. Mchanga uende kwenye boriti na kona. Na chuma kikishakuwa kitupu, saa inaanza kuhesabu. Ukiwa Mombasa, Tanga au Dar, chuma ulichokiacha kikimetameta jioni utakikuta asubuhi kina vumbi la kahawia. Praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kukinga chuma) ipigwe siku hiyo hiyo, kwa mikono yenye glavu, maana alama ya kidole chenye jasho itachora kutu chini ya rangi.

Puti inakuja juu ya epoksi, si juu ya chuma, na ikae nyembamba kama siagi ya mtu bahili. Baada yake praima nene ya kujaza, kisha kazi ambayo hakuna anayeipiga picha: msasa juu ya ubao mrefu, namba 80, 180, 320, hadi 400 au 600, kwa siku nyingi. Kiganja cha mkono hakijui unyoofu, kinafuata bonde na kilima, ubao unakataa. Pulizia vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya praima kabla ya kusugua. Palipobaki weusi ni bonde, palipotokea chuma ni kilima. Gari likiwa la kijivu huwezi kuyaona hayo, lakini siku likipigwa rangi ya kung'aa kila bonde litapinda mstari wa taa za barabarani.

Niliwahi kumwamini fundi mmoja aliyeniambia rangi yake itafunika kila kitu. Alirundika puti nene na kupiga praima kabla haijakauka vizuri, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa namharakisha. Ilifunika kwa wiki sita. Kisha jua la Januari likaikausha puti, ikasinyaa, na mipaka ya kila kiraka ikajichora kwenye mlango kama ramani.

Kwenye kupuliza kwenyewe, kosa huwa linajulikana kwa sura yake. Ganda la chungwa ni rangi iliyofika ikiwa nzito au imekauka hewani, kwa sababu tina (dawa ya kuyeyushia rangi) ni ya haraka mno kwa joto la siku hiyo au bunduki iko mbali. Machozi ni bunduki iliyokaribia au mkono uliosita. Vishimo vya mviringo kama macho ya samaki ni mafuta au silikoni juu ya bati, na hutokana na kitambaa kichafu au kompresha isiyo na kichujio cha maji na oili. Malengelenge madogo ni mkono wa pili wa rangi uliopigwa kabla wa kwanza haujatoa tina yake. Kila mojawapo lina sababu moja au mbili tu, kwa hiyo anayekuambia "ni bahati mbaya" anaficha ya kwake.

Injini iwe nje wakati huu, na chumba chake, kingo za milango na ndani ya mlango wa nyuma vipigwe rangi kwanza. Nje baadaye. Rangi yenyewe mikono miwili au mitatu, vanishi mbili au tatu juu yake.

Na hapa sitanii: hadena (dawa ya kugandishia) ya rangi na vanishi za kisasa ina kemikali iitwayo isosayaneti. Ukiivuta inaweza kukupa pumu isiyoondoka, na baada ya hapo hata harufu ndogo ya chumba cha rangi inakuangusha. Barakoa ya vumbi ni pambo tu mbele ya kitu hicho. Panatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje, nguo ya kufunika mwili, na chumba chenye feni ya kutoa hewa. Kama huna, lipia chumba cha mtu aliye navyo. Vijana wengi wanapuliza wakiwa wamefunga leso puani, na wenye magari mazuri tunapita kuyachukua bila kuwauliza wanalalaje usiku.

Vanishi ikishakauka inasuguliwa kwa maji, msasa 1500, 2000, 3000, kisha inang'arishwa. Nenda pole kwenye kingo, kwa sababu hapo vanishi ni nyembamba na mashine inafika kwenye rangi kabla hujashtuka. Wakisi subiri wiki kadhaa. Rangi bado inapumua.

Kurudisha vitu ndiko kunakokwaruza magari mengi. Zungushia utepe kila ukingo, mlango wa nyuma uubebe na mtu wa pili, na usitumie tena mpira wa zamani eti bado unaonekana mzima. Mpira mpya wa mlango wa nyuma unaweza kuugomesha mlango usifunge kwa wiki za mwanzo, na ni kawaida. Weka gasketi mpya nyuma ya taa na uzibe kila tundu la waya kwenye ukuta huo wa nyuma. Halafu mwombe mtu akae kiti cha pembeni, mtoke hadi barabara kuu, mfike kilomita 80 kwa saa, mfungue kioo kimoja nusu. Usimwambie anachokitafuta. Muulize tu kama anasikia harufu yoyote.